Kanabidioli kwa mtoto mwenye kifafa kitokanacho na hitilafu ya jeni: mwongozo wa mzazi, hatua kwa hatua

Kanabidioli, ambayo wengi huiita CBD, ni kemikali mojawapo kati ya nyingi zilizomo katika mmea wa bangi. Kinacholevya katika bangi ni kemikali nyingine, THC, nayo kanabidioli haimlevyi mtoto wala haimfanyi awe mraibu. Mwongozo huu ni kwa mzazi au mlezi wa mtoto mwenye kifafa sugu kilichotokana na hitilafu ya jeni, ambaye daktari wake ametaja dawa hii, au ambaye ameisikia kwa watu na anataka kujua aulize nini. Msimamo wangu ni kwamba kanabidioli ni dawa ya kifafa kama zilivyo nyingine: ina kipimo chake, ina madhara yake, ina dawa inazogongana nazo, na mtoto hunufaika nayo pale tu inapotumiwa kwa nidhamu hiyo. Anayeiona haina madhara kwa kuwa imetoka kwenye mmea humhatarisha mtoto, na anayeikataa kwa sababu ya jina la bangi huenda akamnyima mtoto nafuu ambayo dawa nyingine hazijampa.

Hatua ya kwanza: ujue jina la ugonjwa

Kifafa si ugonjwa mmoja. Ushahidi ulio imara kuhusu kanabidioli unahusu magonjwa matatu. La kwanza ni ugonjwa wa Dravet, ambao kwa watoto wengi husababishwa na hitilafu katika jeni iitwayo SCN1A, na ambao aghalabu huanza kwa degedege ndefu wakati wa homa kabla mtoto hajatimiza mwaka. La pili ni ugonjwa wa Lennox-Gastaut, ambao una vyanzo vingi, vingine vikiwa vya jeni na vingine majeraha ya ubongo, na unaotambulika kwa mtoto kuanguka ghafla kama aliyekatwa miguu. La tatu ni tyuberasi sklerosisi, itokanayo na hitilafu katika jeni TSC1 au TSC2, ambapo vivimbe visivyo vya saratani huota katika ubongo, ngozi, figo, moyo na viungo vingine.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha kanabidioli iliyosafishwa, inayouzwa kwa jina la Epidiolex, mwezi Juni 2018 kwa magonjwa mawili ya kwanza, kisha mwaka 2020 ikaongeza tyuberasi sklerosisi na kuruhusu itumike kuanzia umri wa mwaka mmoja. Ulaya iliiidhinisha mwaka 2019 kuanzia umri wa miaka miwili, lakini kwa Dravet na Lennox-Gastaut kibali hicho kinataka itumike pamoja na klobazamu, dawa nyingine ya kifafa. Sababu yake itaonekana katika hatua ya tatu. Kwa magonjwa mengine ya jeni, kama ule wa jeni CDKL5, watoto wamepewa kanabidioli na baadhi wamepata nafuu, ila ushahidi wake ni mwembamba zaidi kwa sababu haukutokana na majaribio yenye kundi la kulinganisha. Daktari anaweza kuijaribu hata hapo, mradi mzazi ajue kuwa ni kujaribu.

Kwa hiyo, ikiwa mtoto hajapimwa jeni na kipimo hicho kinapatikana, omba kifanyike kwanza. Jina la ugonjwa huamua pia dawa za kuepuka. Mtoto mwenye Dravet, kwa mfano, anaweza kuzidiwa akipewa kabamazepini, fenitoini au lamotrijini kila siku, kwa kuwa dawa hizo huziba njia za sodiamu, yaani milango midogo ya seli za neva inayopitisha sodiamu, ambazo tayari hazifanyi kazi ipasavyo mwilini mwake. Kuna familia zimehangaika miaka mingi zikitafuta dawa ya kuongeza, wakati nafuu ya kwanza ingepatikana kwa kuondoa dawa isiyofaa.

Niseme pia jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi mapema vya kutosha. Katika sehemu kubwa ya watoto wenye Dravet hitilafu ya jeni ni mpya, imeanza kwa mtoto mwenyewe, na wala haikutoka kwa baba au mama. Hakuna chakula, kazi wala kosa la wakati wa ujauzito lililoileta.

Hatua ya pili: hesabu degedege kabla ya kuanza dawa

Tenga angalau wiki nne za kuandika kabla ya dozi ya kwanza, isipokuwa daktari akiona hali haiwezi kungoja. Bila hesabu hiyo hutaweza kusema baadaye kama dawa imefanya kazi, maana degedege huongezeka na kupungua zenyewe, na mzazi aliyechoka hukumbuka zaidi wiki mbaya au wiki nzuri iliyopita karibuni.

Usiandike tu kwamba kifafa kimemshika. Andika saa, mtoto alikuwa anafanya nini, kilianzia wapi mwilini, kilichukua muda gani na alikuwaje baada ya hapo. Mstari mmoja wa daftari uwe hivi: saa 11:40 alfajiri, amelala, mkono wa kulia ulianza kutikisika, ukafuata mwili mzima, dakika mbili, midomo ikawa ya bluu, alilala saa nzima baadaye. Tenganisha aina: degedege za mwili mzima, kuanguka ghafla, kushtuka kwa mikono au mabega, kuduwaa kwa sekunde chache bila kuitika, na kujikunja kunakokuja kwa mfululizo. Kanabidioli inaweza kupunguza aina moja na kuiacha nyingine ilivyo, na ukizichanganya zote katika jumla moja mabadiliko hayo hayataonekana. Inapowezekana piga picha ya video ya kila aina mara moja, umwoneshe daktari. Video ya nusu dakika humsaidia kuliko maelezo marefu.

Katika daftari hilohilo andika pia usingizi, hamu ya kula, choo na uzito wa mtoto. Utavihitaji utakapofika kwenye madhara.

Hatua ya tatu: peleka orodha kamili ya dawa

Hapa ndipo mambo mengi huharibikia, nami nitakaa hapa kidogo. Kanabidioli huchakatwa na ini, na yenyewe huzuia baadhi ya vimeng'enya vya ini vinavyochakata dawa nyingine. Matokeo yake ni kwamba dawa ambayo mtoto ameizoea kwa miaka inaweza kuzidi mwilini mwake ilhali hakuna aliyeongeza hata tone.

Mfano ulio wazi ni klobazamu. Ini huigeuza klobazamu kuwa kemikali nyingine ambayo nayo hutuliza kifafa na kuleta usingizi, na kwa kawaida kimeng'enya kinachoitwa CYP2C19 huiondoa. Kanabidioli ikikizuia kimeng'enya hicho, kiasi cha kemikali hiyo katika damu hupanda hadi kufikia takribani mara tatu. Sehemu ya nafuu inayoonekana kwa watoto wanaotumia dawa hizi mbili huenda inatokana na kupanda huko, na ndiyo maana Ulaya ilifungamanisha kibali na klobazamu. Lakini mtoto huyohuyo anaweza kusinzia mchana kutwa, kudondokwa na mate, kuyumba anapotembea, hata kupata maambukizi ya mapafu kwa kuwa hakohoi vizuri. Dalili hizo zikitokea, jambo la kwanza la kumwuliza daktari ni kama klobazamu ipunguzwe. Si haki kuilaumu kanabidioli na kuiacha katika wiki ya pili, wakati dozi ya dawa jirani yake ndiyo iliyopaswa kuguswa.

Valproeti, nayo dawa ya kifafa, ni jambo tofauti. Hapa tatizo ni ini lenyewe: kanabidioli ikiwa pamoja na valproeti, vimeng'enya vya ini katika damu hupanda kwa watoto wengi zaidi kuliko inapotumiwa bila hiyo. Kwa watoto wenye tyuberasi sklerosisi wanaotumia everolimasi, na kwa waliopandikizwa kiungo wanaotumia takrolimasi, kanabidioli hupandisha dawa hizo katika damu, hivyo viwango vyake vipimwe na dozi zirekebishwe. Rifampisini, dawa ya kifua kikuu, hufanya kinyume: huishusha kanabidioli yenyewe.

Andika kila kitu, ikiwemo dawa za mafua, vitamini, dawa za mitishamba na mafuta yoyote ya CBD ambayo ndugu au rafiki alikuletea. Usione aibu kuyataja hayo ya mwisho. Daktari asiyejua hawezi kumlinda mtoto.

Hatua ya nne: pima ini kabla ya dozi ya kwanza

Kipimo ni cha damu, nacho huangalia vimeng'enya viwili vya ini, ALT na AST, pamoja na bilirubini, kemikali ya njano ambayo ini huiondoa kwenye damu. Kirudiwe baada ya mwezi mmoja, miezi mitatu na miezi sita tangu kuanza, kisha kwa ratiba atakayopanga daktari. Na kirudiwe ndani ya mwezi mmoja kila dozi inapobadilishwa au dawa nyingine inayogusa ini inapoongezwa. Mtoto anayetumia valproeti hufuatiliwa kwa karibu zaidi. Ini likiwa tayari na hitilafu ya wastani au kubwa, daktari huanza na dozi ndogo na kupandisha polepole kuliko kawaida.

Uliza pia kuhusu mzio wa ufuta. Dawa iliyoidhinishwa imeyeyushwa katika mafuta ya ufuta, na mtoto mwenye mzio huo hatakiwi kuitumia. Ina pia kiasi kidogo cha alkoholi, jambo ambalo familia nyingine zingependa kulijua mapema kwa sababu za kiafya au za kidini.

Hatua ya tano: hakikisha kilichomo ndani ya chupa

Majaribio yaliyothibitisha faida ya kanabidioli yalitumia dawa iliyosafishwa, yenye miligramu 100 katika kila mililita moja, chupa hadi chupa. Mafuta ya CBD yanayouzwa madukani na mitandaoni ni bidhaa nyingine kabisa. Watafiti nchini Marekani walinunua bidhaa 84 za CBD kwenye intaneti na kuzipima maabara, na matokeo yakachapishwa mwaka 2017: ni asilimia 31 tu zilizokuwa na kiasi cha CBD kilichoandikwa kwenye lebo, na bidhaa 18 kati ya hizo zilikutwa na THC. Kwa mtu mzima anayetafuta usingizi huo ni udanganyifu wa kibiashara. Kwa mtoto ambaye dozi yake huhesabiwa kwa kilo za mwili, na ambaye kupungukiwa dawa ghafla kunaweza kumletea degedege isiyokoma, ni hatari ya maisha.

Ikiwa nchi yako haijaisajili dawa hii, mwulize daktari kuhusu utaratibu wa kisheria wa kuagiza dawa kwa mgonjwa mmoja kwa kibali maalumu. Usivuke mpaka na chupa bila cheti cha daktari na bila kuuliza sheria ya nchi unakokwenda, kwa kuwa sheria za mazao ya bangi hutofautiana sana kati ya nchi na nchi.

Hatua ya sita: ifahamu hesabu ya dozi

Dozi hupangwa na daktari, lakini mzazi anayeielewa hesabu ataligundua kosa la karatasi kabla halijafika mdomoni. Kwa Dravet na Lennox-Gastaut, dozi ya kuanzia ni miligramu 2.5 kwa kila kilo ya uzito, mara mbili kwa siku. Baada ya wiki moja hupandishwa hadi miligramu 5 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Ikihitajika na mtoto akiwa anaivumilia, inaweza kupandishwa hatua kwa hatua hadi miligramu 10 kwa kilo, mara mbili kwa siku. Kwa tyuberasi sklerosisi mwanzo ni uleule, lakini hupandishwa kila wiki hadi miligramu 12.5 kwa kilo, mara mbili kwa siku.

Mchukue mtoto wa kilo 20. Dozi yake ya kuanzia ni miligramu 50, yaani nusu mililita asubuhi na nusu mililita jioni. Wiki ya pili ni mililita moja kila mara, na kikomo cha Dravet ni mililita mbili kila mara. Ukiona kwenye lebo ya famasia mililita tano mahali palipopaswa kuwa nusu, usimpe. Piga simu kwanza. Waulize pia kila mara kama kiasi walichoandika ni cha siku nzima au cha dozi moja, kwa kuwa madaktari wengine hutaja jumla ya siku na mkanganyiko huo humpa mtoto dozi maradufu.

Usipandishe haraka kwa sababu ya shauku. Katika jaribio la tyuberasi sklerosisi lililohusisha wagonjwa 224, waliopewa miligramu 25 kwa kilo kwa siku walipungukiwa degedege kwa asilimia 48.6, na waliopewa mara mbili ya hapo, yaani miligramu 50, kwa asilimia 47.5. Waliopewa dawa tupu isiyo na kanabidioli walipungukiwa kwa asilimia 26.5. Dozi kubwa haikuongeza nafuu, bali iliongeza madhara.

Hatua ya saba: kumpa mtoto dawa

Tumia sirinji ya mdomoni iliyokuja na chupa, kamwe si kijiko cha jikoni. Sirinji iwe kavu kabisa: maji yakiingia, dawa ya mafuta hugeuka kuwa na ukungu. Vuta polepole, geuza sirinji juu, gonga povu litoke, kisha linganisha mstari ukiwa umeushikilia usawa wa macho. Mwagia dawa upande wa ndani wa shavu kidogo kidogo, mtoto akiwa ameketi, wala usimpe akiwa katikati ya degedege au amesinzia kiasi cha kushindwa kumeza.

Chakula kina uzito mkubwa hapa. Mlo wenye mafuta mengi unaweza kuongeza kiasi cha kanabidioli kinachoingia kwenye damu hadi mara nne au tano kikilinganishwa na tumbo tupu. Hakuna anayekulazimisha kuchagua kimoja, ila chagua ukishike: kama asubuhi anapewa pamoja na chakula, iwe hivyo kila asubuhi. Mtoto anayepewa leo na chakula, kesho bila, anakuwa kama anayebadilishiwa dozi kila siku, na daktari hataelewa kwa nini degedege zinapanda na kushuka.

Kwa mtoto anayelishwa kwa mpira (mrija), mweleze mfamasia mpira huo umetengenezwa kwa kitu gani. Ya silikoni inafaa. Ya PVC haifai. Chupa ikae wima mahali pa joto la kawaida, si kwenye jokofu, na ikishafunguliwa itumike ndani ya wiki 12. Andika tarehe ya kufungua juu ya lebo kwa kalamu.

Hatua ya nane: wiki za mwanzo

Yanayotokea mara nyingi ni kusinzia, kukosa hamu ya kula, kuharisha, uchovu, homa na kutapika. Mengi hupungua dozi ikishushwa au mwili ukizoea. Pima uzito kila wiki, maana mtoto aliyekuwa mwembamba tangu awali hawezi kupoteza kilo mbili kimyakimya.

Kupanda kwa vimeng'enya vya ini hutokea zaidi katika miezi miwili ya kwanza na mara nyingi hakuna dalili yoyote, ndiyo sababu kipimo kisirukwe hata mtoto akionekana mzima. Daktari husimamisha dawa ikiwa ALT au AST imezidi mara tatu ya kikomo cha juu huku bilirubini ikiwa imezidi mara mbili, au ikiwa vimeng'enya vimebaki juu ya mara tano. Macho kuwa ya njano, mkojo kuwa mweusi, kutapika kusikoisha au maumivu ya juu upande wa kulia wa tumbo ni mambo ya kwenda hospitali siku hiyohiyo. Nenda pia haraka akipata vipele vya ghafla, akivimba uso au akishindwa kuamka kama kawaida.

Dawa ya dharura, iwe diazepamu ya njia ya haja kubwa au midazolamu ya shavuni, ibaki karibu kama zamani. Degedege ikipita dakika tano, fuata maelekezo ya dharura uliyopewa na tafuta msaada. Kanabidioli huzuia polepole, siku baada ya siku. Haizimi degedege iliyokwisha kuanza, na kuongeza dozi yake wakati huo hakusaidii kitu.

Hatua ya tisa: kuamua kama iendelee

Baada ya takribani miezi mitatu kwenye dozi kamili, keti na daktari mkiwa na daftari mbele yenu. Ni vizuri kujua mapema nafuu ya kawaida ina ukubwa gani. Katika jaribio la mwaka 2017 lililohusisha watoto na vijana 120 wenye Dravet, waliopewa kanabidioli walitoka kwenye degedege 12.4 kwa mwezi hadi 5.9, hizo zikiwa namba za kati, na waliopewa dawa tupu walitoka 14.9 hadi 14.1. Asilimia 43 walipungukiwa kwa nusu au zaidi, na kwa wale wa dawa tupu ilikuwa asilimia 27. Walioacha kabisa kupata degedege walikuwa asilimia tano tu. Anayeahidi kwamba mtoto atapona anaahidi kisichokuwapo. Anayesema haifanyi kazi hajazisoma namba hizo.

Kwangu mimi, kupungua kwa nusu si jambo dogo hata kidogo. Ni mtoto ambaye hajapasuka paji la uso wiki hii, ni usiku ambao mama amelala saa sita mfululizo. Weka mambo hayo pia kwenye mizani, pamoja na jinsi mtoto anavyochangamka, anavyotazama watu na anavyojifunza. Kuna watoto ambao idadi ya degedege imebadilika kidogo lakini sasa hudumu sekunde badala ya dakika, na hawalazwi tena. Hiyo nayo ni sababu halali ya kuendelea. Kinyume chake, ikiwa degedege zimebaki palepale, mtoto hataki kula na amelala mchana kutwa hata baada ya klobazamu kupunguzwa, basi iachwe bila majuto, na daktari aangalie njia nyingine zinazolingana na ugonjwa wake: fenfluramini au stiripentoli kwa Dravet, everolimasi kwa tyuberasi sklerosisi, ganaxoloni kwa hitilafu ya CDKL5, chakula cha ketojeniki (chenye mafuta mengi na wanga kidogo sana) au upasuaji kwa wanaofaa.

Kuacha nako kuna utaratibu. Isipokuwa ini au mzio unalazimisha kusimamisha mara moja chini ya uangalizi, dozi hushushwa kidogo kidogo kwa ratiba ya daktari, kwa sababu kukatiza ghafla kunaweza kuleta degedege mfululizo. Agiza chupa inayofuata kabla hii haijabaki ya wiki mbili. Na kama klobazamu ilipunguzwa wakati kanabidioli inaanza, mkumbushe daktari hilo siku mnayopanga kuiondoa, maana ile kemikali ya klobazamu iliyokuwa imepandishwa na kanabidioli itashuka yenyewe na mtoto anaweza kubaki bila kinga ya dawa zote mbili kwa pamoja.